Mteja wa Kwanza na Nafasi ya PhD (Sehemu ya Tisa)

"Funga mlango, baridi inaingia," alisema yule mwanamke. "Na leo nashukuru Mungu umekuja bila ndoo."

Miguu ya Naisiae iligoma kwenda mbele, ikagoma kurudi nyuma.

Msomaji wangu, kama gazeti la wiki iliyopita umeshafungia maandazi, usijali, nakukumbusha chapchap. Naisiae Lesian, binti wa Sombetini, mhadhiri msaidizi wa masoko katika chuo kimoja hapa Arusha, mkataba wake unaisha mwezi wa kumi na mbili na bila PhD hauongezwi. Ameitwa kwenye usaili wa nafasi moja, nasema moja tu, ya kusoma PhD ya masoko na tabia za wanunuzi. Ufadhili kamili kwa miaka minne: ada, posho, gharama za utafiti, mpaka kompyuta mpya. Waliomba watu zaidi ya mia mbili, wamebaki watano. Basi dada akanyoosha suti, akapaka lipstiki mara tatu, akafungua mlango wa chumba cha usaili, na mwenyekiti wa jopo akawa ndiye mama ambaye yeye alimmwagia maji sokoni Jumamosi.

Ndiyo, maji. Nusu ndoo.

Jumamosi ile Naisiae alikuwa anamsaidia mama yake kwenye meza ya viatu vya mitumba, soko la Kilombero. Saa moja asubuhi, hata jozi moja haijauzwa, akatokea mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani. Akajaribu jozi saba. Akaomba apunguziwe, akapunguziwa, maana mteja wa kwanza ndiye anayefungua biashara na haachwi aondoke kavukavu. Akaomba tena, akapunguziwa tena. Halafu akavua kiatu, akasema, "Ngoja nizunguke kwanza," huyo akaondoka.

Sasa wewe unayeuza chochote mji huu, hata karanga, unajua hapo moyo unavyochemka. Mteja wa kwanza akishikashika mali akaondoka mikono mitupu, siku imeharibika. Naisiae alikamata ndoo akamwaga maji pale aliposimama yule mama, kufuta nuksi. Kumbe mama mwenyewe hata hatua mbili hajapiga. Sketi ililowa mpaka magotini.

"Nenda na mguu wako mzito!" Naisiae akamsindikiza na maneno.

Na leo huyo hapo, mguu wake mzito uko chini ya meza ya jopo. Mbele yake kibao kimeandikwa: Profesa Zakia Khalfani. Mzaliwa wa Kaloleni hapa hapa, anafundisha ng'ambo, na kitabu chake Naisiae amekinukuu mara kumi na nne kwenye andiko lake la utafiti bila kuwahi kuona sura yake.

"Shikamooni," Naisiae alisema kwa sauti ya kuazima.

"Marahaba," alijibu mzee wa kulia, Dokta Ephraimu, katibu wa jopo. Huyu alikuwa na chupa ya chai, daftari, na macho ya mtu aliyekula wali mwingi mchana.

Profesa Zakia hakujibu salamu. "Leo tutaongea Kiswahili. Wanunuzi unaotaka kuwachunguza hawanunui kwa Kiingereza. Swali la kwanza ni jepesi. Mimi na wewe tumewahi kukutana?"

Sasa hapo binti wa watu alitakiwa aseme ndiyo, aombe radhi, yaishe. Lakini woga, jamani! Woga ulimshika ulimi ukauendesha wenyewe.

"Hapana, Profesa. Labda ulikutana na pacha wangu."

Weee! Hata mimi ninayeandika nilishika kichwa.

Dokta Ephraimu aliamka. "Una pacha? Anaitwa nani?"

"Nai... Naisula."

"Naye amesoma masoko?"

"Hapana, Dokta. Yeye ana... yeye ana hasira tu."

Dokta Ephraimu aliandika. Profesa Zakia alivua miwani, akaifuta taratibu na mtandio, akaivaa tena.

"Naisiae," alisema, "ukipata nafasi hii utakusanya majibu ya watu kwa miaka minne. Utakuwa peke yako na daftari lako, hakuna atakayechungulia kama unaandika ulichoambiwa au ulichotunga. Kwa hiyo nauliza mara ya pili, na ya tatu haipo. Tumewahi kukutana?"

Naisiae alitazama sakafu. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa.

"Tumekutana, Profesa. Nilikumwagia maji. Sina pacha, nina mdogo wangu wa kiume tu, yuko Mererani. Nisamehe sana. Ya maji na ya uongo, yote."

"Afadhali," alisema Dokta Ephraimu akikata mstari kwenye daftari. "Nilikuwa nimeshamwandika Naisula."

Profesa alifungua andiko la Naisiae. "Ukurasa wa nne. Umeandika kwamba muuzaji anayeamini mkono wa mteja wa kwanza 'haamui kwa akili bali kwa hofu'. Umeandika vizuri, nilipiga mstari. Sasa wewe Jumamosi uliamua kwa nini?"

"Kwa hofu."

"Hofu ya nini? Wewe una digrii mbili."

"Digrii niliziacha nyumbani, Profesa."

Dokta Ephraimu alicheka mpaka chai ikamwagika. Profesa yeye hakucheka.

"Nikueleze kitu," alisema. "Jumamosi sikwenda kununua. Nilisoma andiko lako Ijumaa, nikasema kesho niende nikaone mwenyewe. Nilipita meza tisa, kila meza nikawa mteja wa kwanza, nikajaribu, nikaondoka. Nane walinisonya. Ni wewe tu, mtaalamu wa jambo lenyewe, uliyeniogesha."

Kumbe! Kumbe mama wa watu alikuwa anapima! Naisiae alihisi joto likimpanda kutoka shingoni, na halikuwa la aibu tena.

"Meza tisa?" aliuliza.

"Tisa."

"Profesa, samahani, naomba niseme kitu, hata kama utanitoa nje. Unajua siku ile mama yangu aliuza jozi ngapi? Hakuuza. Jumamosi, siku ya watu! Alikaa kwenye ndoo yake ameshika tama mpaka jioni. Wateja walipita, hakuita mtu. Walimuuliza bei, akajibu anatazama pembeni. Mimi nilimwona. Hao wengine nane walikuwaje baada ya wewe kuondoka? Ulirudi kuwatazama?"

Nje kulisikika mtu akifyeka nyasi.

"Sikurudi," alisema Profesa.

"Basi uliwaharibia siku wanawake tisa bila kuwaomba ruhusa, halafu ukaja hapa kutuuliza sisi habari za uaminifu."

Dokta Ephraimu aliweka kikombe chini polepole sana. Miaka yake yote ya usaili hajasikia mwombaji akimsema mwenyekiti.

Naisiae mwenyewe alishituka kusikia alichosema, lakini maneno yalikuwa yameshafungua mlango yakatoka yote. "Na ukurasa wa nne nimekosea. Nimekaa miaka yote nikifikiri habari ni ya mteja, mkono wake, mguu wake. Hapana. Mteja wa kwanza akiondoka, anayebadilika ni muuzaji. Anakata tamaa, haiti, hatabasamu, hapunguzi bei kwa moyo. Mteja wa pili anakuta uso umenuna, anapita. Wa tatu hivyo hivyo. Jioni muuzaji anasema, si nilijua? Kumbe siku ameifunga mwenyewe. Hicho ndicho nataka kukipima. Naomba nibadilishe andiko."

Profesa Zakia alimtazama kwa muda ambao Naisiae aliuona mrefu kama foleni ya kwa Mrombo siku ya mvua.

"Kwanza, umenishika," alisema hatimaye. "Nilikosea sokoni, na nitaomba radhi. Pili, hilo ulilosema sasa hivi ni andiko zuri kuliko hili la karatasi. Tatu, bado hujapata nafasi, kwa hiyo futa hilo tabasamu."

Naisiae alilifuta.

"Leo Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi nafunga orodha. Niletee ridhaa ya maandishi kutoka kwa wauzaji kumi, kwamba wanakubali kuchunguzwa kuhusu mteja wa kwanza. Na sahihi ya kwanza kabisa iwe ya mama yako. Yeye akikataa, sitaki za wengine."

Nafasi ya miaka minne kwa sahihi ya mama mzazi? Naisiae alitoka chumbani karibu aruke. Nani asiyejua kwamba mama hawezi kumnyima mwanawe sahihi?

Mama Naisiae alimnyima.

"Sisaini," alisema kesho yake, Alhamisi, akiwa anakipiga brashi kiatu cha kiume kama kimemkosea. "Soma tena hapo juu pameandikwa nini."

"Wauzaji wanaoamini mkono wa mteja wa kwanza," Naisiae alisoma.

"Wanaoamini! Mimi, katibu wa umoja wa wanawake usharikani, niweke sahihi kwamba naamini mikono ya watu? Mchungaji akiiona hiyo karatasi nitamwambia nini? Imani yangu ni moja, nilibarikiwa nayo Kipaimara."

"Yeyo, mama yangu, lakini si huwa una..."

"Huwa nina nini?"

Naisiae alimeza neno. Alimgeukia jirani wa meza ya pili, Bi Batuli, muuza mikoba, mwanamke mcheshi ambaye kila asubuhi noti ya kwanza huipitisha juu ya mikoba yote kabla ya kuitia kifuani.

"Usinitazame mimi," Bi Batuli aliwahi. "Mimi naswali swala tano. Mguu wa mtu utanifanya nini?"

"Bi Batuli, na ile noti unayoizungusha juu ya mikoba?"

"Nafuta vumbi."

Safu nzima ilikuwa hivyo hivyo. Kila mtu anafanya, hakuna anayeamini. Mmoja alisema ni mazoea ya bibi yake. Mwingine alisema ni utani wa soko. Jua lilipanda, Mlima Meru ukavua ukungu wake, karatasi ya Naisiae ikabaki nyeupe.

Alirudi kwa mama yake akachuchumaa pale chini, kwenye viatu, suti na yote.

"Yeyo, nisikilize. Mimi naamini. Nimesoma mpaka nimevaa miwani, na Jumamosi nilishika ndoo kwa mkono wangu huu. Nilikuwa nimekuona unavyoamka saa kumi kila siku, halafu mtu anakuja kukuchezea, nikaogopa kwa ajili yako. Nimewaambia hivyo jopo zima. Kama mimi sikuona aibu mbele ya profesa, wewe unamwonea aibu nani?"

Mama alisimamisha brashi.

"Uliwaambia hivyo?"

"Mbele ya Profesa Zakia mwenyewe. Ndiye yule mwenye mtandio wa kijani."

"Yule mwanamke ni profesa?"

"Ndiye anayetoa nafasi."

Mama alichukua kiatu kingine, akakiweka, akachukua cha kwanza tena.

"Basi kamwambie hivi. Tangu Jumamosi mambo yangu hayaendi. Yeye ndiye aliyefunga, aje yeye mwenyewe afungue. Kesho asubuhi awe mteja wangu wa kwanza, na safari hii anunue. Akinunua, nasaini papo hapo, na hawa wote nitawasainisha mimi."

"Si umesema huamini?" Bi Batuli aliruka.

"Siamini. Lakini aje."

Naisiae alipiga simu amesimama nyuma ya choo cha soko, mahali pekee penye utulivu. Aliposimulia, Profesa alicheka, cheko refu la Kaloleni kabisa. Halafu likakatika ghafla.

"Naisiae, unajua unaniomba nini? Mimi ni mwenyekiti wa jopo. Mama yako ni mzazi wa mwombaji. Nikinunua kiatu kwake, mteja wa kwanza hupunguziwa, si ndiyo?"

"Ndiyo, Profesa."

"Mzazi wa mwombaji akimpunguzia mwenyekiti, hiyo inaitwa nini?"

Naisiae aliona giza. "Rushwa."

"Hata ikiwa mia mbili. Wafadhili hawa hawana mchezo, mwaka juzi walimwondoa mtu kwa sababu ya kuku." Profesa alivuta pumzi. "Lakini nimekubali kwamba nina deni la radhi kwa mama yako, na nitalilipa. Nitakuja kesho na Dokta Ephraimu awe shahidi. Nitalipa bei kamili atakayotaja, sitaomba apunguze. Akinipa chochote cha bure, Dokta ataandika, na jina lako litatoka kwenye orodha. Sitakuwa na la kufanya."

"Nitamwambia mama sasa hivi asi..."

"Hutamwambia. Huyo sasa ni mshiriki wa utafiti wako. Ukimfundisha la kusema, utafiti umekufa kabla haujazaliwa. Naomba ahadi yako."

Ndugu msomaji, wewe ungefanyaje? Neno moja tu kwa mama, nani angejua?

"Nimekubali, Profesa," Naisiae alisema. Alikuwa ameshaonja pacha mmoja, hakutaka wa pili.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu. Mama Naisiae alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Viatu vimepangwa kwa mistari, vimeng'arishwa, kila kimoja kimejazwa gazeti ndani kisinyong'ee. Naisiae alisimama kwa Bi Batuli, hatua nane kutoka meza ya mama yake, mdomo ameubana.

"Mbona unatetemeka?" Bi Batuli aliuliza. "Unaumwa?"

"Baridi tu."

Wakaja. Profesa mbele, Dokta Ephraimu nyuma amekumbatia daftari. Safu yote iligeuka kutazama. Habari zilikuwa zimeshatembea.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa, ingawa walikuwa rika moja, na Naisiae akajua hiyo ndiyo radhi yenyewe imeanza. "Jumamosi nilikukosea. Nilikuja kukuchezea kazi yako. Naomba unisamehe."

Mama Naisiae alimpima kuanzia mtandio hadi viatu. "Yameisha," alisema. "Chagua."

Profesa alichukua kiatu cheusi cha kisigino kifupi. Akajaribu, kikamkaa. "Bei gani?"

Naisiae alifumba macho. Maisha yake yote hajawahi kumsikia mama yake akimtajia mteja wa kwanza bei bila kuongeza papo hapo, "lakini kwa vile unanifungulia..."

"Ishirini na tano," mama alisema.

Naisiae alisubiri ile lakini. Haikuja.

"Haya," alisema Profesa. Akafungua pochi, akahesabu elfu ishirini na tano kamili, akaziweka kwenye kiganja cha Mama Naisiae. Dokta Ephraimu akaandika. Naisiae akafumbua jicho moja, akaliona daftari, akaiona kalamu inatembea bila wasiwasi.

Mama alizipokea zile noti kwa mikono miwili. Alizipitisha juu ya meza nzima mara moja, bila kumwogopa mchungaji wala mtu. Halafu, jamani, akacheka! Cheko ambalo Naisiae hajalisikia tangu Jumamosi. Akavuta karatasi kutoka chini ya kitambaa, akalamba kidole, akaweka sahihi yake, kubwa, mpaka ikapita mstari.

"Batuli!" aliita. "Njoo usaini, acha ujanja!"

Bi Batuli akaenda mbio. Nyuma yake muuza mikanda, nyuma yake wa soksi. Sahihi nne, sita, tisa, kumi. Saa moja kasorobo tu, na kazi imekwisha! Profesa Zakia aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba, na kwa mbali akamkonyeza Naisiae. Naisiae alishika meza ya mikoba asianguke kwa furaha. Miaka minne! PhD!

"Asante sana, mama," alisema Profesa akigeuka kuondoka.

"Wee mama, subiri," alisema Mama Naisiae.

Aliinama chini ya meza. Akatoka na boksi. Si boksi la mitumba, boksi jipya kabisa, ndani yake viatu vya ngozi alivyokuwa ametengenezewa na fundi wa Lemara kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, havijavaliwa hata siku moja. Alivitia mikononi mwa Profesa na kuvifunika na mikono yake yote miwili.

"Hivi hununui," alisema, na sauti yake ikatetemeka kwa raha. "Hivi nakupa. Mtu anayemsomesha mwanangu hawezi kutoka mezani kwangu na jozi moja."

Profesa Zakia alisimama na boksi mikononi kama ameshikishwa moto. Dokta Ephraimu alitazama boksi, akamtazama Profesa, akafungua tena daftari alilokuwa ameshalifunga.

Mama Naisiae hakuona hata kimoja. Alikuwa amegeuka, uso umemeta, anamtafuta binti yake katikati ya watu.

"Naisi! Njoo umuage profesa wako! Mbona umejificha huko unalia?"